Kuala Lumpur hadi Singapore: saa moja angani, nusu siku njiani

Swali liliingia kwenye simu ya studio tukiwa katikati ya mazungumzo ya nauli za ndege, katika kipindi cha asubuhi. Mama mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi, ana kijana anayekwenda kusoma Malaysia na huenda akapitia Singapore. Aliuliza: kutoka Kuala Lumpur mpaka Singapore ni umbali gani, na ndege inatumia muda gani?

Tulimjibu hewani kwa sentensi mbili. Viwanja vya ndege vya miji hiyo viko umbali wa karibu kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. Tiketi nyingi huonyesha safari ya saa moja na dakika tano hadi saa moja na robo.

Jibu lilikuwa sahihi, lakini baada ya kipindi tulikubaliana kwamba halikutosha. Safari hiyo fupi imezifanya serikali mbili zizungumze kwa miaka mingi, zitie saini, zivunje makubaliano na zilipane fidia. Na wanaoteseka zaidi kuvuka kati ya nchi hizo si wanaosafiri kilomita 300, bali wanaovuka kilomita moja tu. Hii ndiyo nyongeza tuliyomwahidi yule mama, na huenda ikawafaa wengine pia.

Kwa nini dakika 23 huwa saa nzima

Ndege ya abiria ya jeti ikishatulia angani huenda kwa kasi ya kilomita 800 kwa saa au zaidi. Kwa hesabu ya darasani, kilomita 300 zingekwisha kwa dakika 23 hivi. Haiwi hivyo kwa sababu katika safari fupi ndege haipati nafasi ya kutulia. Inapanda, na muda mfupi baada ya kufika juu inaanza kushuka. Wakati wa kupanda na wa kushuka, kasi yake ni ndogo zaidi.

Jambo la pili ni namna muda wa tiketi unavyohesabiwa. Saa haianzi kuhesabiwa magurudumu yanapoacha ardhi. Inaanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa, na inaisha inapoegeshwa upande wa pili. Ndani ya muda huo kuna kusukumwa nyuma, kutambaa hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, kufuata njia ya angani ambayo si mstari ulionyooka, kusubiri zamu ya kutua, na kutambaa tena hadi mlangoni. Mashirika ya ndege pia huongeza dakika kadhaa za akiba ili foleni ndogo isiifanye ndege ihesabiwe kuwa imechelewa. Ukiondoa hayo yote, muda wa kuwa hewani ni kama dakika 40 hadi 45.

Kwa bahati nzuri, hapa hakuna saa ya kubadilisha. Tangu mwaka 1982 Singapore na rasi ya Malaysia zinatumia saa moja, ambayo iko mbele ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa muda wa saa tano. Kwa hiyo ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, unapata muda halisi wa safari kama ilivyopangwa.

Hesabu ya mlango hadi mlango

Sasa tufanye hesabu ya msafiri wa kawaida. Anaishi katikati ya Kuala Lumpur, ana begi moja, na ndege yake inaondoka saa tatu kamili asubuhi.

Anatoka nyumbani saa kumi na mbili alfajiri. Uwanja mkuu wa kimataifa, KLIA, uliofunguliwa mwaka 1998, uko Sepang, karibu kilomita 50 kusini mwa jiji. Kuna treni ya moja kwa moja kutoka stesheni kuu ya KL Sentral. Inachukua dakika 28 hadi jengo la kwanza la abiria na dakika 33 hadi jengo la pili. Ukiweka na muda wa kufika stesheni na kusubiri treni, yuko uwanjani saa moja na dakika chache. Hapo kuna kukabidhi mzigo, ukaguzi, dirisha la uhamiaji na kusubiri lango lifunguliwe.

Ndege inaondoka saa tatu na inaegeshwa Changi, Singapore, saa nne na dakika kumi. Akipita uhamiaji na kuchukua begi, ni saa nne na dakika arobaini. Kutoka Changi hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 20. Akifika anakokwenda ni saa tano na robo.

Jumla ni muda wa saa tano na robo. Kati ya huo, dakika 45 tu alikuwa angani. Muda uliobaki ameutumia kwenye treni, kwenye foleni na kwenye viti vya kusubiri.

Basi linalopita barabara kuu ya kaskazini-kusini huenda kama kilomita 350. Siku ambayo mpaka hauna msongamano, linaweza kufika kwa saa tano au sita. Ndiyo maana watu wengi wa huko hawaoni ndege kuwa na haraka kubwa kama tunavyodhani sisi tulio mbali. Wanachagua kwa kuangalia nauli, mizigo, na mahali basi linapowashusha.

Njia moja, ndugu wawili waliotengana

Pamoja na hayo, njia hii ni miongoni mwa njia za kimataifa zenye shughuli nyingi zaidi duniani. Mwaka 2023 iliongoza dunia nzima kwa idadi ya viti vilivyowekwa sokoni kati ya nchi na nchi. Vilikuwa karibu milioni 4.9.

Sababu yake iko kwenye historia. Singapore ilikuwa sehemu ya Malaysia mpaka tarehe 9 Agosti 1965, zilipotengana. Familia zilibaki pande zote mbili, na biashara pia. Hata shirika la ndege lilikuwa moja mpaka mwaka 1972, lilipogawanywa. Upande mmoja likazaliwa shirika la Malaysia, upande wa pili Singapore Airlines. Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya hapo, njia hii ililindwa kwa ajili ya mashirika hayo mawili ya taifa, na nauli ilikuwa kubwa ukilinganisha na umbali.

Mlango ulifunguliwa kidogo Februari 2008, mashirika ya gharama nafuu yaliporuhusiwa safari chache kwa siku, kisha ukafunguliwa wote mwishoni mwa mwaka huohuo. Nauli zikashuka na abiria wakaongezeka. Umbali ulikuwa uleule na ndege zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni karatasi iliyotiwa saini na serikali mbili.

Karatasi hizohizo zinaweza pia kufunga njia. Mwishoni mwa mwaka 2018 Singapore ilileta utaratibu mpya wa kuziongoza ndege zinazotua Seletar, uwanja wake mdogo wa kaskazini. Ndege zingeshuka zikipitia juu ya Pasir Gudang, mji wa viwanda na bandari ulioko Malaysia, upande wa pili wa mlango wa bahari. Malaysia ilisema hilo lingeweka kikomo kwa urefu wa majengo na mitambo yake, ikatangaza anga ya Pasir Gudang kuwa eneo lenye masharti. Nyuma ya mgogoro huo kulikuwa na jambo la zamani zaidi: tangu mwaka 1974 Singapore ndiyo inayoongoza ndege katika anga ya kusini mwa jimbo la Johor.

Shirika dogo la Firefly, lililokuwa likiruka kutoka Subang, uwanja wa zamani ulio karibu zaidi na Kuala Lumpur, lilisimamisha safari zake za Singapore tarehe 1 Desemba 2018. Zilirudi Aprili 2019, baada ya Singapore kuuondoa utaratibu huo na Malaysia kusitisha masharti yake. Kwa karibu miezi mitano, abiria waliozoea kuondokea uwanja wa karibu na mji walilazimika kwenda Sepang. Hakuna dhoruba wala ubovu wa ndege uliowazuia.

Treni iliyoishia kwenye makaratasi

Hesabu ile ya saa tano na robo inaeleza kwa nini wazo la treni ya mwendo wa kasi lilipokelewa kwa shangwe. Mawaziri wakuu wa wakati huo, Najib Razak wa Malaysia na Lee Hsien Loong wa Singapore, walilitangaza Februari 2013. Mkataba ulitiwa saini Desemba 2016. Reli ingekuwa na urefu wa kilomita 350, ambapo 335 zingekuwa ndani ya Malaysia na 15 ndani ya Singapore. Ingekuwa na stesheni nane, na safari ya moja kwa moja ingechukua dakika 90.

Dakika 90 ni nyingi kuliko saa moja na dakika kumi za tiketi ya ndege. Lakini treni ingekuwa na faida mbili. Kwanza, stesheni zake za mwisho zingekuwa mjini: upande mmoja jirani na katikati ya Kuala Lumpur, upande mwingine Jurong East, magharibi mwa Singapore, kwenye makutano ya treni za mjini. Pili, msafiri angekaguliwa na uhamiaji wa nchi zote mbili kabla ya kupanda. Akishuka, angetoka nje na kwenda zake. Kwa makadirio yetu, safari ya mlango hadi mlango ingekuwa kama saa tatu. Msafiri angeokoa saa mbili na zaidi, na kupata nafasi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo akiwa amefanya kazi yake.

Singapore ilianza maandalizi mapema. Klabu ya gofu ya Jurong ilichukuliwa na serikali na kufungwa ili kupisha stesheni. Kisha Mei 2018 Malaysia ikafanya uchaguzi, na chama kilichotawala tangu uhuru kikashindwa. Mahathir Mohamad alirudi madarakani akisema nchi ina madeni mengi na mradi huo hauna faida kwa Malaysia. Septemba mwaka huo mradi ukaahirishwa, na Malaysia ikakubali kulipa dola milioni 15 za Singapore kwa gharama za ucheleweshaji.

Serikali ikabadilika tena Malaysia, na mazungumzo yakaendelea. Kilichowashinda hakikuwa daraja wala mlima. Malaysia ilitaka kupunguza gharama, na miongoni mwa mapendekezo yake ilikuwa kuiondoa kampuni huru ambayo, kwa mujibu wa mkataba, ingenunua treni na kusimamia mitambo kwa niaba ya nchi zote mbili. Singapore ilisema bila msimamizi huyo hakuna uhakika kwamba maslahi ya kila upande yatalindwa kwa haki. Muda wa makubaliano uliisha tarehe 31 Desemba 2020. Tarehe 1 Januari 2021 serikali zote mbili zilitangaza kwamba mradi umekufa. Miezi michache baadaye Malaysia ililipa fidia ya dola milioni 102.8 za Singapore, kama dola milioni 76 za Marekani kwa wakati ule.

Tulipe jambo hili uzito wake. Zaidi ya robo ya bilioni ya fedha za Malaysia zililipwa kwa reli ambayo haina hata mita moja ya chuma. Ringgit hizo ni kodi za watu, wakiwemo wengi ambao wasingeimudu nauli ya treni hiyo.

Hata hivyo si haki kusema kwamba Mahathir alikosea kuogopa deni. Jirani yao Indonesia alijenga. Treni ya Whoosh kati ya Jakarta na Bandung ilianza kubeba abiria Oktoba 2023. Reli yake ni ya kilomita 142, na gharama yake ilifika zaidi ya dola bilioni 7 za Marekani, kubwa kuliko ilivyopangwa. Sehemu kubwa ni mkopo kutoka China, na namna ya kuulipa imekuwa mjadala mkali nchini humo. Tena treni yenyewe haifiki katikati ya Bandung. Abiria hushuka pembezoni na kupanda treni nyingine ndogo kuingia mjini. Kasi ya kilomita 350 kwa saa imepatikana, lakini tatizo la mwisho wa safari limebaki.

Tangu mwaka 2023 Malaysia imekuwa ikipokea mapendekezo ya kufufua reli ya kwenda Singapore, kwa sharti kwamba fedha zitoke kwa wawekezaji binafsi. Sharti hilo linaonyesha somo gani wamelichukua.

Kilomita moja ya kila siku

Wakati viongozi wanajadili kilomita 350, kuna kilomita moja ambayo haisubiri mkutano. Kati ya Johor Bahru, mji wa Malaysia ulioko mpakani, na Woodlands, Singapore, kuna barabara iliyojengwa juu ya tuta kukatiza bahari tangu miaka ya 1920. Urefu wake ni zaidi kidogo ya kilomita moja. Watu zaidi ya laki tatu huvuka hapo kwa siku, na kuufanya kuwa mmoja wa mipaka ya nchi kavu yenye shughuli nyingi zaidi duniani.

Wengi wao ni wafanyakazi wa Malaysia wanaolala Johor, ambako kodi ya nyumba ni nafuu, na kufanya kazi Singapore, ambako mshahara ni mkubwa. Kuna madereva, wauguzi, mafundi, wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa viwandani. Huamka usiku wa manane ili wawahi foleni. Pikipiki hujaa kwa maelfu kabla jua halijachomoza, na mvua ikinyesha inawanyeshea wote. Siku mbaya, kuvuka kilomita hiyo moja kunaweza kuchukua saa mbili au zaidi. Katika muda huo, ndege iliyoondoka KLIA imekwishafika Changi na abiria wake wako mjini.

Kwa watu hawa kuna mradi mdogo ambao haukufa. Reli ya kuunganisha Johor Bahru na Singapore, inayofahamika kama RTS, ina urefu wa kilomita nne na stesheni mbili tu: Bukit Chagar na Woodlands North. Nayo ilisimamishwa mwaka 2019, lakini ilifufuliwa Julai 2020 baada ya gharama kupunguzwa, na ratiba ya serikali hizo ililenga ianze kazi mwishoni mwa mwaka 2026. Imekusudiwa kubeba hadi abiria 10,000 kwa saa kila upande, kwa safari ya dakika kama tano. Na hapa pia ukaguzi wa nchi zote mbili utafanyika mahali pamoja, kabla ya kupanda.

Kwa maoni yetu, ukiambiwa uchague mradi mmoja kati ya hiyo miwili, huu mdogo ndio unaogusa maisha ya watu wengi zaidi kila siku. Anayeokoa saa mbili mara mbili kwa mwezi ananufaika. Anayeokoa saa mbili kila alfajiri anapata usingizi na kuwaona watoto wake kabla hawajakwenda shule.

Na huku kwetu

Sisi tunaotangaza kutoka Dodoma tumelielewa jambo hili kwa macho yetu. Tangu treni ya reli ya kisasa ianze safari za Dar es Salaam mwaka 2024, safari iliyokuwa ikila siku nzima ndani ya basi sasa inachukua kati ya saa tatu na nne. Wapo waliokuwa wakipanda ndege ambao sasa wanapanda treni, ingawa ndege bado ina kasi zaidi, kwa sababu stesheni ya Dar es Salaam iko mjini. Wenzetu wa Kenya walipata treni yao ya Mombasa mwaka 2017, lakini stesheni zake kuu ziko Syokimau na Miritini, nje ya katikati ya miji. Abiria wa huko hujumlisha muda na nauli ya kuingia mjini kabla hajasema treni ni ya haraka.

Kuhusu mipaka, kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa Desemba 2018, kinafuata wazo lilelile la RTS: msafiri asimame mara moja badala ya mbili. Na kuhusu anga, tunakumbuka Januari 2024, Tanzania ilipotangaza kusitisha safari za abiria za shirika la ndege la Kenya kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu ndege ya mizigo ya Tanzania ilinyimwa ruhusa na Kenya. Suala lilimalizwa haraka, safari zikaendelea. Lakini kwa muda huo mfupi, mwenye tiketi mkononi hakuwa na uhakika kama saa moja na dakika kadhaa za kuruka kwenda Nairobi zingekuwa na maana kwake.

Kwa hiyo, mama yetu, jibu kamili ni hili. Kijana wako atakuwa angani kwa dakika 45. Mwambie ajipangie muda wa saa tano na nusu kutoka mlango wa hosteli yake hadi anakokwenda Singapore, na aongeze siku za sikukuu na mapumziko ya shule. Aangalie kwenye tiketi ni jengo lipi la KLIA, kwa sababu ni mawili na yana stesheni tofauti za treni. Na siku akipata marafiki wa Johor watakaomshauri aende kwa basi avuke lile tuta, aulize kwanza ni siku gani na saa ngapi.